Henry Bessemer: Mvumbuzi aliyeshusha bei ya chuma cha pua hadi kikafika mashamba ya Timau

MKULIMA wa Timau anayeamka alfajiri kuelekea shamba lake la ngano au viazi, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, huianza siku akiwa amezungukwa na chuma cha pua. Plau inayopasua ardhi, seng'enge inayozuia mifugo, misumari iliyoshikilia mabati ya paa, na hata sufuria ya chai iliyo mekoni, vingi kati ya vyombo hivi ama vimetengenezwa kwa chuma cha pua au vimetengenezwa kwa mashine za chuma hicho.

Miaka 200 iliyopita, hali haikuwa hivyo popote duniani. Chuma cha pua kilikuwa bidhaa adimu na ghali. Kilitumika kwa visu, nyembe, panga za wanajeshi, patasi na springi za saa. Hakuna aliyeweza kufikiria kujenga daraja zima kwa chuma hicho, sembuse kukizungusha shambani kuwa ua.

Mtu anayetajwa zaidi kuwa chanzo cha mabadiliko hayo ni Sir Henry Bessemer, mvumbuzi wa Uingereza aliyefariki mwaka wa 1898. Bessemer hakusomea taaluma ya vyuma. Alikuwa fundi wa mambo mengi aliyekuja kuyatikisa mataifa kwa kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka.

Hata hivyo, maisha yake si hadithi ya ushindi mtupu. Alidhulumiwa akiwa kijana, akasifiwa mno na magazeti kabla ya wakati, akadhihakiwa uvumbuzi wake uliposhindwa, kisha akatajirika kupindukia huku mmoja wa waliomwokoa akibaki katika umaskini.

Waliofua chuma Mlima Kenya

Ili kuelewa alichokifanya Bessemer, ni vyema kwanza kuangalia jinsi chuma kilivyopatikana katika maeneo ya Mlima Kenya kabla ya wakoloni kufika.

Katika nchi ya Wakikuyu, ikiwemo Nyeri, madini ya chuma yalipatikana katika mchanga mweusi wa mito na vijito. Mchanga huo ulioshwa majini kwa ustadi hadi chembe nyepesi zikachukuliwa na maji na zile nzito zenye chuma zikabaki. Baadaye zilianikwa juani, kisha zikapelekwa kwenye tanuri lililochimbwa ardhini na kukandikwa udongo wa mfinyanzi.

Humo ndani, mchanga uliwekwa pamoja na makaa ya miti, na vijana wakavukuta moto kwa viriba vya ngozi ya mbuzi kwa saa nyingi. Makaa yalifanya kazi mbili. Yalitoa joto, na vilevile yaliinyang'anya madini oksijeni iliyoshikamana na chuma.

Chuma hakikuyeyuka kabisa katika tanuri hilo. Kilichotolewa kilikuwa bonge lililochanganyika na mavi ya chuma, ambalo mhunzi alilipasha moto na kuligonga tena na tena hadi taka zikatoka. Kutokana na bonge hilo zilipatikana simi, mikuki, visu na mapambo.

Mhunzi, aitwaye muturi kwa Kikuyu, aliheshimiwa na kuogopwa. Laana yake ilihofiwa kuliko za watu wengine, na kazi yake iliandamana na miiko mingi. Haikuwa ajabu, kwani ni yeye aliyegeuza mchanga kuwa silaha.

Mtafiti William Scoresby Routledge na mkewe Katherine, walioishi Nyeri katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, waliiandika kazi hiyo katika kitabu chao cha mwaka wa 1910. Kufikia wakati huo, tayari chuma kutoka ng'ambo kilikuwa kikiingia milimani kwa wingi, na matanuri ya wenyeji yalikuwa yakizimika moja baada ya jingine.

Chanzo cha wimbi hilo la chuma rahisi kilikuwa kimeanza nusu karne awali, katika karakana moja jijini London.

Mtoto wa mtengenezaji herufi

Henry Bessemer alizaliwa Januari 19, 1813, katika kijiji cha Charlton, karibu na mji wa Hitchin, Uingereza. Babake, Anthony Bessemer, alikuwa mhandisi na mvumbuzi aliyefanya kazi Paris hadi mapinduzi ya Ufaransa yalipomlazimu kukimbia na kurejea kwao.

Huko Charlton, mzee huyo alianzisha karakana ya kusubu herufi za risasi zilizotumiwa na wapiga chapa. Henry hakupata elimu nyingi ya darasani. Shule yake halisi ilikuwa karakana hiyo ya babake, ambamo alijifunza kuyeyusha metali, kutengeneza kalibu na kuchonga kwa vipimo sahihi.

Mwaka wa 1830, akiwa na umri wa miaka 17, alihamia London pamoja na jamaa yake. Alijikimu kwa kusubu sanamu ndogo na mapambo, na punde si punde akaanza kubuni mashine zake mwenyewe.

Uvumbuzi wake wa kwanza mkubwa ulimwachia jeraha ambalo hakulisahau. Serikali ya Uingereza ilikuwa ikipoteza fedha nyingi kila mwaka kwa sababu watu walibandua mihuri ya ushuru kutoka kwenye hati kuukuu na kuitumia tena. Bessemer alibuni muhuri ambao haungeweza kuhamishwa, naye akaahidiwa wadhifa katika afisi ya mihuri.

Alipomweleza mchumba wake, Ann Allen, juu ya suala hilo, msichana huyo alimdokezea njia nyepesi zaidi: kuweka tarehe kwenye muhuri. Bessemer aliipeleka fikra hiyo serikalini kwa nia njema. Serikali iliikubali, ikaitumia, kisha ikaona kwamba haihitaji tena kumwajiri wala kumlipa chochote.

Bessemer alimwoa Ann na wakaishi pamoja kwa zaidi ya miaka 60. Lakini kuanzia hapo, hakuwahi tena kumkabidhi mtu uvumbuzi wake bila kuulinda.

Siri ya vumbi la dhahabu

Funzo hilo lilimfaa katika miaka ya 1840. Dadake alimwomba ampambie jalada la picha zake, na Bessemer akaenda kununua vumbi la shaba nyeupe lililotumika kutengeneza rangi ya dhahabu. Alishangazwa na bei yake. Vumbi hilo lilitoka Ujerumani, ambako lilitwangwa kwa mikono kwa muda mrefu, na kilo yake iliuzwa mara nyingi zaidi ya bei ya shaba yenyewe.

Alibuni mitambo ya kulitengeneza kwa nguvu za mvuke katika jengo lake la Baxter House, eneo la St Pancras. Badala ya kuchukua hataza, ambayo ingemlazimu kueleza siri yake hadharani, aliagiza vipande vya mashine kutoka kwa viwanda mbalimbali ili pasiwe na mtu anayeujua mtambo wote. Waliouendesha walikuwa ndugu za mkewe.

Siri hiyo ilitunzwa kwa zaidi ya miaka 30. Faida yake ndiyo iliyogharamia majaribio yake mengine, yakiwemo ya kioo, ya mashine za kukamua miwa, na hatimaye ya chuma.

Mzinga uliotishia kupasuka

Vita vya Crimea vilipozuka mwaka wa 1853, Uingereza na Ufaransa zikiwa upande mmoja dhidi ya Urusi, Bessemer alibuni kombora refu lililojizungusha lenyewe likiwa hewani. Wizara ya vita ya Uingereza haikulitaka. Alipata kibali cha Mfalme Napoleon wa Tatu wa Ufaransa, na mwishoni mwa mwaka wa 1854 majaribio yakafanyika Vincennes, karibu na Paris.

Makombora yalifanya kazi barabara. Hata hivyo, afisa mmoja wa Kifaransa, Claude-Étienne Minié, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa risasi, aliona kasoro kubwa. Mizinga ya wakati huo ilikuwa ya chuma cha kusubu, na chuma hicho hakingeweza kustahimili mshindo wa kombora zito namna hiyo. Ingepasuka na kuwaua waliosimama nyuma yake.

Bessemer alirudi London akiwa na swali moja tu kichwani: chuma imara kingepatikanaje kwa bei ambayo jeshi, au mtu yeyote, angeimudu?

Wakati huo, wahunzi wa Ulaya walikuwa na aina tatu za chuma. Ya kwanza ilikuwa chuma ghafi, kilichotoka kwenye matanuri makubwa ambamo mawe ya chuma yaliyeyushwa pamoja na makaa na mawe ya chokaa. Hicho kilikuwa na kaboni nyingi, takribani asilimia nne. Kilimiminika kwa urahisi kwenye kalibu, lakini kikigongwa kilivunjika kama chungu.

Ya pili ilikuwa chuma laini cha kufuliwa, ambacho takriban kaboni yote ilikuwa imeondolewa. Hakikuvunjika, ila kilipinda na kulika haraka. Kukipata, vibarua walisimama mbele ya tanuri wakikikoroga chuma kilichoyeyuka kwa mitaimbo, kazi iliyowamaliza nguvu wakiwa bado vijana.

Ya tatu, chuma cha pua, ilikuwa katikati ya hizo mbili. Kaboni yake kwa kawaida haifiki asilimia mbili, na mara nyingi huwa chini ya moja. Ni ngumu na bado hukubali kupinda. Katika mji wa Sheffield, fito za chuma laini zilipikwa pamoja na makaa kwa siku nyingi ili zinyonye kaboni, kisha zikayeyushwa katika vyungu vidogo vya udongo. Chungu kimoja kilitoa kama kilo 20 hadi 25 tu, na tani moja iliuzwa kwa pauni 50 au zaidi.

Moto usio na kuni

Akifanya majaribio katika tanuri lake la Baxter House, Bessemer aliona vipande vya chuma ghafi ambavyo havikuyeyuka ingawa vilikuwa motoni kama vingine. Alipovichunguza, alikuta ni maganda matupu. Hewa iliyopita juu yake ilikuwa imeichoma kaboni na kuacha ganda la chuma kisicho na kaboni.

Kutokana na maganda hayo alipata fikra iliyoonekana kuwa ya kichaa. Ikiwa hewa inayopita juu ya chuma huondoa kaboni, itakuwaje ikipulizwa ndani yake?

Kila mtu aliyejua kazi hiyo angejibu kwamba hewa baridi ingekipoza chuma na kukigandisha. Bessemer alitengeneza chombo kilichosimama wima, akatia takribani kilo 350 za chuma ghafi kilichoyeyuka, na kupuliza hewa kupitia matundu ya chini.

Kwa dakika chache za mwanzo zilitoka cheche tu. Halafu mlipuko ukafuata. Ndimi za moto mweupe zilichomoza juu, chuma na mavi yake vikarushwa hewani, na hakuna aliyethubutu kukaribia kufunga hewa. Baada ya dakika kama kumi moto ulitulia wenyewe. Ndani ya chombo kulikuwa na chuma ambacho kaboni yake ilikuwa imeondolewa karibu yote, tena kikiwa kimeyeyuka kabisa.

Sababu yake ni hii. Oksijeni ya hewa ilipokutana na silikoni na kaboni zilizomo ndani ya chuma, zilizichoma, na kuungua huko kukatoa joto jingi kuliko lile lililopotea. Uchafu wa chuma ndio uliogeuka kuwa kuni zake. Joto lilipanda hadi kiasi cha nyuzi 1,600 bila kuongezwa kipande cha kaa.

Alichukua hataza zake kati ya Oktoba 1855 na Februari 1856. Agosti mwaka huo wa 1856 aliwasilisha maelezo yake mbele ya mkutano wa wanasayansi mjini Cheltenham. Inasimuliwa kwamba asubuhi hiyo baadhi ya wenye viwanda walikuwa wakimcheka mtu aliyetoka London kuja kuwafundisha kupika chuma bila moto. Walipomaliza kumsikiliza, kicheko kilikuwa kimekwisha. James Nasmyth, mvumbuzi mashuhuri wa nyundo ya mvuke, alikuwa miongoni mwa waliompongeza.

Gazeti la The Times lilichapisha hotuba yote. Katika muda usiozidi mwezi mmoja, wenye viwanda walikuwa wamemlipa Bessemer pauni 27,000 ili waruhusiwe kutumia mbinu yake.

Sifa zageuka kuwa aibu

Furaha hiyo haikudumu. Viwanda vilipoanza kazi, chuma kilichotoka kilikuwa kibovu. Kikigongwa kilipasuka. Magazeti yaliyomsifu yalianza kumkejeli, na wenye viwanda wakadai wametapeliwa.

Bessemer alizidi kuchanganyikiwa kwa sababu mbinu ile ile ilikuwa imefaulu mikononi mwake. Ilimchukua muda mrefu, na fedha nyingi za kulipia wanakemia, kuelewa kilichotokea. Kwa bahati tu, chuma alichokitumia katika majaribio kilitoka Blaenavon nchini Wales, na kilikuwa na fosforasi kidogo sana. Mawe mengi ya chuma ya Uingereza yalikuwa na fosforasi nyingi. Hewa ilichoma kaboni na silikoni, lakini fosforasi ilibaki, na hata kiasi kidogo cha fosforasi hukifanya chuma kivunjike kikiwa baridi.

Kulikuwa na tatizo la pili. Hewa ikipulizwa kupita kiasi, oksijeni hubaki ndani ya chuma na kukiharibu. Ikikatizwa mapema, kaboni huwa nyingi mno. Kupata kipimo cha katikati kulikuwa kama kubahatisha.

Aliyepata dawa ya tatizo hilo ni Robert Mushet, mtaalamu wa vyuma aliyeishi katika msitu wa Dean. Mushet alishauri hewa ipulizwe hadi kaboni yote iishe, kisha kiongezwe kipimo maalumu cha mchanganyiko wa chuma, manganizi na kaboni. Manganizi ingeiondoa oksijeni iliyozidi, nayo kaboni ingerudishwa kwa kiwango kilichotakiwa.

Mushet alichukua hataza yake mwaka wa 1856. Lakini ada iliyohitajika baada ya miaka mitatu haikulipwa na waliokabidhiwa jukumu hilo, na haki zake zikapotea. Bessemer na wengine wakawa huru kutumia mbinu hiyo bila kumlipa chochote.

Wakati huo huo, mfanyabiashara wa Sweden, Göran Fredrik Göransson, aliyekuwa amenunua sehemu ya haki za Bessemer, alifaulu kutengeneza chuma kizuri huko Edsken mnamo Julai 1858. Chuma ghafi cha Sweden kilipikwa kwa makaa ya miti, kilikuwa na fosforasi kidogo, na kilikuwa na manganizi yake ya asili.

Sheffield yasalimu amri

Wenye viwanda wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuungua na hawakutaka kusikia tena jina la Bessemer. Kwa hiyo aliamua kuingia sokoni mwenyewe. Yeye na washirika wake walijenga kiwanda katika kitovu cha biashara hiyo, Sheffield, mwaka wa 1858.

Walitumia mawe ya chuma yasiyo na fosforasi, wakaboresha chombo chao, na kufikia mwaka wa 1860 Bessemer alikuwa amepata hataza ya chombo kinachoinamishwa kama mtungi ili kumimina chuma. Mafundi waliitazama rangi ya moto mdomoni mwa chombo hicho na kujua hatua iliyofikiwa. Tani kadhaa zilikuwa tayari katika muda wa nusu saa, kazi ambayo vyungu vya Sheffield vingeifanya kwa siku nyingi.

Alipoanza kuuza kwa bei iliyopungua kwa pauni 10 hadi 20 kwa kila tani, washindani walikuja mmoja mmoja kuomba idhini. Inakadiriwa kuwa ada hizo zilimwingizia zaidi ya pauni milioni moja. Kwa muda wa miaka 14, kiwanda cha Sheffield kiliwarudishia wenyewe mtaji wao zaidi ya mara 80.

Soko kubwa zaidi lilikuwa reli. Katika stesheni ya Derby, reli za chuma laini zilikuwa zikibadilishwa kila baada ya miezi michache kwa jinsi zilivyolika. Reli ya chuma cha pua iliyotengenezwa na Mushet na kulazwa hapo mwaka wa 1857 ilikuwa ingali ikitumika mwaka wa 1873. Mameneja wa reli hawakuhitaji ushahidi mwingine.

Uingereza, iliyokuwa ikitengeneza takribani tani 50,000 za chuma cha pua kwa mwaka kabla ya Bessemer, ilipita tani milioni moja kufikia mwaka wa 1880. Nchini Marekani, Andrew Carnegie aliyezuru viwanda vya Uingereza mwaka wa 1872 alirudi na kujenga kiwanda chake karibu na Pittsburgh, kilichoanza kazi mwaka wa 1875. Mmarekani mwingine, William Kelly, alikuwa tayari amepata hataza mwaka wa 1857 kwa madai kwamba aligundua mbinu hiyo hiyo kabla ya Bessemer.

Mgala muue na haki yake mpe

Mushet naye alikuwa akiishi kwa dhiki na maradhi. Mwaka wa 1866, bintiye Mary, aliyekuwa na umri wa miaka 16, alisafiri peke yake hadi London, akaingia katika afisi ya Bessemer na kumweleza kwamba utajiri wake ulitokana na kazi ya babake.

Bessemer hakukubali kwamba alikuwa na deni la kisheria. Hata hivyo, alilipa fedha zilizohitajika wakati huo, na baadaye akaanza kumlipa Mushet pauni 300 kila mwaka, malipo aliyoyaendeleza kwa zaidi ya miaka 20. Wapo wanaosema ulikuwa ukarimu, na wapo wanaosema ilikuwa njia nafuu ya kuepuka kesi. Lisilopingika ni kwamba bila manganizi ya Mushet, chombo cha Bessemer kingebaki kuwa kioja cha maonyesho.

Fosforasi nayo ilishindwa na watu wengine. Sidney Gilchrist Thomas, karani wa mahakama ya London aliyesoma kemia usiku, na binamu yake Percy Gilchrist, waligundua mwishoni mwa miaka ya 1870 kwamba chombo kikikandikwa ndani kwa dolomaiti na kutiwa chokaa, fosforasi huvutwa ikaingia kwenye mavi ya chuma. Mavi hayo yalipotwangwa yalikuwa mbolea nzuri ya shamba. Thomas alifariki mwaka wa 1885 akiwa na umri wa miaka 34 tu.

Bessemer aliendelea kubuni hadi uzeeni, na si kila alichokigusa kilifaulu. Kwa kuwa alisumbuliwa sana na kichefuchefu cha baharini, aliwekeza katika meli yenye ukumbi uliobembea ili ubaki sawa hata mawimbi yakipiga. Mnamo Mei 1875 meli hiyo iligonga gati ya Calais nchini Ufaransa, na kampuni yake ikavunjika.

Mwaka wa 1879, zaidi ya miaka 40 baada ya kudhulumiwa malipo ya mihuri, Serikali ya Uingereza ilimtunuku cheo cha Sir kuwa fidia yake. Alifariki Machi 15, 1898, nyumbani kwake Denmark Hill, London, akiwa na umri wa miaka 85, akazikwa katika makaburi ya West Norwood.

Nyoka wa chuma afika mlimani

Mwezi ule aliofariki, wafanyakazi wa Reli ya Uganda walikuwa wamefika Tsavo, ambako simba walianza kuwanyakua usiku kutoka mahemani mwao. Reli walizokuwa wakizilaza zilikuwa za chuma cha pua, zenye uzito wa ratili 50 kwa kila yadi. Njia ya zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, iliyokamilika mwaka wa 1901, isingejengeka kwa bei za chuma cha enzi ya vyungu.

Tawi la reli hiyo lilifika Nanyuki, jirani ya Timau, mwaka wa 1930. Kabla ya hapo, Wamaasai walikuwa wamehamishwa kutoka Laikipia kufuatia mkataba wa mwaka wa 1911, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ardhi ya upande huo wa mlima ikagawiwa walowezi, wakiwemo wanajeshi waliopewa mashamba chini ya mpango wa mwaka wa 1919. Chuma rahisi kiliwaletea walowezi plau na trekta. Kwa wenyeji, kilileta seng'enge iliyowatenga na malisho na mito yao.

Wahunzi wa milimani hawakushindwa kwa kukosa ujuzi. Walishindwa kwa bei. Waya na fito kutoka viwandani zilikuwa nafuu kuliko kuosha mchanga na kuchoma makaa kwa siku kadhaa. Waliendelea kufua, lakini waliacha kuyeyusha.

Ujuzi wao haukufa wote. Baada ya Serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira. Baadhi ya bunduki hizo zilipasuka mikononi mwa walioziunda. Lilikuwa ni lile lile tatizo lililompeleka Bessemer kwenye tanuri: mtutu usiostahimili mshindo wa risasi yake.

Chombo cha Bessemer chenyewe kilipitwa na wakati. Matanuri ya Siemens na Martin yaliyobuniwa miaka ya 1860 yalikishinda kwa ubora, na kuanzia miaka ya 1950 viwanda vikaanza kupuliza oksijeni tupu badala ya hewa, mbinu inayotengeneza sehemu kubwa ya chuma cha pua duniani. Chombo cha mwisho cha Bessemer nchini Uingereza, cha kiwanda cha Workington, kilizimwa mwaka wa 1974.

Nchini Kenya, viwanda vingi vya chuma hutegemea bidhaa kutoka ng'ambo na vyuma vikuukuu vinavyoyeyushwa upya. Biashara ya vyuma hivyo ilipigwa marufuku kwa muda mwanzoni mwa mwaka wa 2022, baada ya wizi wa vifaa vya umeme na reli kukithiri. Madini ya chuma nayo yameripotiwa Tharaka, upande wa mashariki wa mlima, eneo ambalo wakazi wake wamesubiri kwa miaka mingi kuona kama yatawafaidi.

Huenda Bessemer angewaambia wanaosubiri huko Tharaka kwamba kuwa na mawe ya chuma ni hatua ya kwanza tu. Yeye alikuwa na mawe, moto, hewa na fedha, na bado alishindwa kwa miaka miwili kwa sababu hakujua kilichomo ndani ya mawe yenyewe. Alifaulu pale alipoacha kubahatisha na kuyapima, tena kwa msaada wa watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye hataza yake.